Kimya cha Kwenye Kona

Jumapili, 1 Juni

Masizi hayatoki kuchani. Nimesugua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa brashi ya kuoshea viazi. Basi na yakae. Mikono ya mwanamke wa miaka sitini na tisa, nani ataiangalia.

Siku ya kwanza ya msimu imepita salama. Abiria wengi. Watoto na babu zao, na mbwa mmoja aliyebweka kila filimbi ilipolia. Namba Tatu, injini yetu ya mvuke, imeamka vizuri baada ya baridi yote ile. Harufu ya mafuta, kuni za msonobari, makaa ya mawe yakianza kushika. Nimeikosa tangu Septemba. Machozi yalinilengalenga pale mbele ya tanuri, nikasingizia moshi.

Asubuhi niliposhuka treni ya kawaida Jordbro, huku kusini mwa Stockholm, sikuliona gari jekundu la Lennart. Misimu minne amekuwa akinichukua pale stesheni. Leo alikuwa amesimama kituo cha basi na mkoba wake wa chakula. Akasema gari limemchosha, basi linamtosha mzee. Ana miaka sabini na minane. Yeye ni dereva, mimi ni mtia makaa wake. Basi linazunguka kwanza viwandani, ndipo liingie msituni, kwa hiyo nimepata muda mrefu zaidi wa kukaa karibu na mtu. Hatukuongea. Sikuhitaji.

Ndivyo tulivyo. Kule kwenye reli ya kale sote ni wastaafu wa kujitolea, na wengine wote wanaongea bila kupumzika. Boila, skrubu, goti linalouma. Mimi na Lennart tunafanya kazi kimya. Akigusa kofia, nafunga mlango wa tanuri. Akiinua kidole, naongeza maji. Hata kwenye kona, kimya.

Niandike kuhusu hiyo kona, maana Gunilla, mkuu wetu wa usafiri, ametukumbusha tena kwenye kikao cha asubuhi. Kabla reli haijakata barabara ya changarawe kuna kona ya kushoto. Dereva anakaa kulia, boila linamziba, haoni kitu. Mimi niliye kushoto ndiye ninayeiona bendera ya mlinzi wa barabara. Kanuni inasema nipaze sauti, "Grönt!", yaani kijani, naye anijibu, "Grönt!" Nisiposema kitu, lazima asimame. Kimya ni kusimama.

Sisi tuliacha zamani. Bendera ni ya kijani kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Mwanzo nilitikisa kichwa badala ya kusema. Kisha hata kichwa nikaacha. Siku bendera ikiwa nyekundu nitasema. Watu waliozoeana hawapigiani kelele.

Nina fahari na hilo. Sijamwambia mtu, lakini nina fahari nalo.


Jumatano, 4 Juni

Mvua. Tangu Jumapili nimeongea na mtu mmoja, yule mwanamke wa dukani hapa Farsta. Aliniuliza kama nataka risiti. Nikasema hapana.

Jioni Wakesho akapiga kutoka Malmö. Mimi kwa Kiswahili, mwanangu kwa Kiswidi, kama kawaida yetu. Eti maktabani kuna kikundi cha wazee wanaofuma sweta, kwa nini nisijaribu, makaa ni mazito. Nikamwambia afume yeye.

Hajui. Baba yake alipofariki watu walijaa humu ndani, hata viti vya kuazima vilikuwepo. Baada ya wiki chache viti vikarudishwa kwa wenyewe na watu wakaenda navyo. Nilikuwa naamka, nakaa, naangalia balkoni ya jirani. Ndipo nikaona tangazo maktabani, reli ya kale inatafuta watu wa kujitolea. Walinipa kibanda cha kahawa. Nikawaambia nimepika jikoni mwa hospitali miaka thelathini, nipelekeni kwingine. Wakasema kwingine ni kwenye injini, na ni joto sana. Nikasema joto ndilo ninalolitafuta.


Jumapili, 8 Juni

Lennart ananijaribu! Leo zaidi ya mara moja ameniuliza geji ya mvuke inasoma ngapi, na geji iko mbele ya pua yake. Nikajibu papo hapo. Akatikisa kichwa, ameridhika. Nadhani anataka kunipendekeza kwa mafunzo ya udereva. Sitamuuliza. Nimefurahi kama msichana.

Wakati wa kahawa tulikaa kwenye gogo letu nyuma ya karakana. Yeye mkate wa jibini na achari ya matango, mimi chai yangu ya tangawizi. Akamimina kahawa nje ya kikombe, ikaishia kwenye buti lake. Nikacheka, naye akacheka. Mara ya kwanza kumwona anacheka mpaka meno ya nyuma.

Mama Kezia amepiga kutoka Hallunda. Ni Mrundi, tumeimba kwaya moja miaka mingi. Ibada ya Waswahili ni Jumapili, saa ile ile ya treni. Akauliza kama siku hizi nimeokoka kwa moshi. Nikamwambia Mungu anajua ninakopatikana, ratiba yetu iko wazi kwa kila mtu. Alicheka, lakini hakufurahi.


Ijumaa, 20 Juni

Mkesha wa Waswidi wa katikati ya kiangazi. Mji umehama. Chini ya jengo letu hakuna gari hata moja. Jana dukani watu walikuwa wanagombania stroberi na samaki wa siki, leo kila mtu yuko kwenye bustani ya mtu mwingine. Jua halitaki kuzama. Siku kama hii ni ndefu mno kwa mtu mmoja.

Nimechemsha viazi vipya, nikala nimesimama pale pale jikoni. Marehemu mume wangu Righa angekuwepo tungegombana kuhusu chumvi.

Nimejiuliza Lennart anakula na nani. Sijui. Huu ni msimu wa tano na sijui kama ana mke, ana ndugu, ana paka. Nyumba yake aliwahi kunionyesha kwa kidole tu, tukiwa garini. Lile jengo la balkoni za kijani. Hakusema karibu, na huku mtu haendi kwa mtu mpaka akaribishwe. Nimeshika simu, nikaiweka. Ningesema nini? Kwamba nimepiga tu? Hawapigi tu hawa.

Niko mpweke. Nimeliandika, limeisha.


Jumapili, 22 Juni

Sijavua hata buti.

Ilikuwa safari ya mwisho. Makaa ya leo mabaya, vumbi tupu, moto ulikuwa unafia upande mmoja. Nilikuwa nimeinama na sepetu nikiusambaza. Kona ikaja. Sikuinua kichwa. Sikusema kitu. Lennart akaendelea.

Nilipoinuka bendera ilikuwa nyekundu. Eva, mlinzi wa barabara, alikuwa anaipunga kwa mikono miwili. Na nyuma yake, juu ya reli kabisa, farasi. Farasi mzima, wa kahawia, msichana mgongoni. Amegoma, anazunguka pale pale, hatoki.

Kufikia hapo kona ilikuwa imeshakwisha. Reli imenyooka, boila halizibi kitu tena. Lennart alikuwa anatazama mbele. Alikuwa anamtazama yule farasi, uso umetulia kama mtu anayetazama ziwa. Mkono wake haukwenda kwenye breki.

Nikapiga kelele. "Simama!" Kwa Kiswahili. Miaka arubaini ya Kiswidi ikanitoka kichwani yote. Akavuta breki kwa kuisikia sauti yangu, si kwa kuona. Tulisimama karibu mno. Farasi alipata mvuke usoni akaruka kando, msichana akamng'ang'ania shingoni. Hakuanguka. Mungu wangu, hakuanguka. Watoto kwenye mabehewa wakapiga makofi, walidhani ni sehemu ya burudani.

Lennart akanigeukia, polepole.

"Kulikuwa na nini?"

Nikamwambia. Akarudia lile neno kana kwamba ndiyo kwanza analisikia. Farasi.

Mtu anaweza kukosa kuiona bendera. Mimi mwenyewe nimeikosa. Lakini farasi!


Jumatatu, 23 Juni

Sijatoka. Nimepanga yote mezani moja moja, na kila moja linaniuma.

Gari halikumchosha. Kahawa kwenye buti haikuwa kichekesho. Na ile geji. Hakuwa ananijaribu. Alikuwa ananiuliza kwa sababu haioni. Mimi huyu nikaota udereva. Aibu imenishika mpaka masikioni, na niko peke yangu chumbani.

Jana kwenye basi alizungumza kuliko msimu mzima. Gunilla ametuita Alhamisi jioni, sisi na Eva, tueleze kilichotokea. Lennart akaniomba niseme sikuiona bendera. Basi. Ni kweli, wala si uongo. Watatupa onyo, tutaanza tena kupaza sauti kwenye kona kama kanuni inavyotaka, na tutamaliza msimu. Akasema bila Jumapili hana kitu. Alisema akiangalia dirishani. Sasa najua hakuwa anaona chochote huko nje.

Sikumjibu. Na mimi nina nini bila Jumapili? Risiti?

Nikisema, wanamshusha kwenye injini na mimi nabaki bila yeye. Nikinyamaza, anaendelea kuendesha kwa macho yale, na siku nyingine hatakuwa farasi. Watoto wa mtaa ule wanapita pale na baiskeli. Nimewaona.

Nimemkasirikia. Nimekasirika sana. Amenifanya macho yake bila kuniuliza.


Jumanne, 24 Juni

Nimemwambia Mama Kezia yote. Nilidhani ataanza na lile la ibada. Hakuanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza nimemwambia mzee mwenyewe nini. Nikasema sijamwambia kitu. Akanigombeza vizuri. Mtu mzima haanikwi mbele ya watu. Anaendewa kwake, mlango ukiwa umefungwa, anaambiwa yeye kwanza. Na haendewi mikono mitupu.

Nikamwambia Waswidi hawaendewi bila miadi.

"Kwani wewe ni Mswidi?"

Nina pasipoti yao tangu Wakesho yuko shule ya msingi. Lakini nilielewa anachouliza.

Nimetoa mihogo kwenye friza. Nimeloweka maharage.


Jumatano, 25 Juni

Nimepika kimanga kama mama alivyokuwa akikipika kule Taita, mihogo na maharage yaliyopondwa, samli nyingi kuliko daktari anavyotaka. Nikajaza lile bakuli langu la bluu lenye kifuniko kinachobana. Nikavaa gauni la kanisani. Treni mpaka Jordbro, kisha kwa miguu mpaka kwenye balkoni za kijani. Moyo unadunda kama naenda kuposa.

Alifungua mlango akiwa na soksi. Hakunijua mpaka niliposema jina langu. Nilisimama mbele yake mchana kweupe na hakunijua.

Hakusema karibu. Niliingia tu. Hapo nilikuwa mkosa adabu kwa desturi yao na nisingekuwa na adabu kwa yetu kama ningesimama mlangoni. Kiti chake kiko karibu kabisa na televisheni, magoti yanakaribia kuigusa. Mezani kioo cha kukuzia chenye taa. Kwenye jiko amebandika vipande vya plasta mahali pa kuzungushia vitufe, avitambue kwa vidole. Kikombe kimoja kwenye rafu. Hakuna mke, hakuna paka.

Nilipakua, tukala. Aliweka achari ya matango juu ya kimanga. Nikamwachia. Alikula yote akaongeza.

Ndipo nikasema. Kwamba najua kuhusu macho. Kwamba nimekuja kwake kwanza kwa sababu kwetu ndivyo inavyofanywa. Kwamba kesho aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Akisema yeye, mimi nitanyamaza. Asiposema, nitasema.

Akasukuma sahani pembeni. Akaeleza kwamba daktari alimkataza gari mwezi wa tatu. Gari akaliuza siku hiyo hiyo, bila ubishi. Lakini kuhusu injini alijipa sababu. Treni haina usukani, reli yenyewe inajua inakokwenda. Njia ile ameiendesha miaka thelathini, anaijua kwa mgongo na miguu, kila mtikisiko.

"Na upande wa pili nilikuwa na wewe," akasema. "Ulipokuwa kimya nilijua kuko salama."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema ningejua nisingepanda naye. Ni kweli. Nisingepanda.

Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinifungulia mlango, akashukuru kwa chakula. Nimefika Farsta ndipo nikakumbuka bakuli.


Alhamisi, 26 Juni

Imekwisha.

Tulikaa kwenye chumba cha kahawa karakana, meza ndefu, chupa ya kahawa katikati, mikate ya mdalasini ambayo hakuna aliyeigusa. Eva alieleza bendera na farasi. Mimi nikaeleza nilivyoinama kwenye moto, na kwamba mimi na Lennart tumeacha kuitana kwenye kona tangu misimu miwili iliyopita. Gunilla aliyaandika yote. Kisha akamgeukia Lennart, akamuuliza kama ana la kuongeza.

Alikuwa anaangalia meza. Vidole vyake vinatafuta ukingo wa kikombe, vinazunguka, vinazunguka. Nikamsubiri. Nilimwomba Mungu kwa Kitaita. Sema, mzee. Sema mwenyewe. Huku watu wanajua kunyamaza, hakuna anayekohoa, hakuna anayemsaidia mwenzake. Gunilla akaanza kukunja miwani yake, ameona tumemaliza.

Nikasema, "Lennart haoni. Hakumwona farasi."

Maneno machache tu. Sijawahi kusema jambo zito hivyo kwa Kiswidi, na halikuwa gumu kulitamka.

Hakubisha. Alisimama, akapeleka kikombe chake kwenye sinki, akakiosha, akakikausha kwa kitambaa, akakirudisha mahali pake kwenye rafu. Alifanya yote hayo bila kugonga kitu. Kisha akachukua kofia. Nilitaka kumfuata kwenye basi, nikabaki nakusanya vikombe. Niliwaacha wengine waondoke, nikapanda basi la baadaye.

Nimefanya vizuri. Najichukia.


Jumapili, 29 Juni

Niko kwenye kibanda cha kahawa mpaka katikati ya Julai. Gunilla amesema ni kwa sababu ya kona, na ana haki. Nimeuza vafla, mikate yao bapa ya vishimo-vishimo, siku nzima. Krimu au jamu? Krimu na jamu? Miaka thelathini jikoni, halafu hii.

Hakuna aliyezungumzia Alhamisi. Hata neno. Wananisalimia vizuri tu, kama juzi, kama mwaka jana. Kwetu wangeniita pembeni, nusu wanisifu, nusu wanitukane, na mimi ningejua pa kusimama. Hapa sijui.

Glavu za Lennart bado ziko kwenye msumari wake karakana. Zimeshika umbo la mikono.


Jumapili, 20 Julai

Nimerudi kwenye injini. Dereva wangu sasa ni Göran, daktari wa meno mstaafu. Mtu mwema. Anaongea! Tangu kuwasha moto mpaka kumwaga majivu. Meno ya mfalme fulani, mashua yake, bei ya makaa. Ananiuliza na maswali, na akiniuliza anangoja jibu. Nimerudi nyumbani kichwa kinauma.

Kwenye kona nimepaza sauti kila safari. "Grönt!" Naye, "Grönt!" Sauti yangu ilitoka kama ya jogoo mgonjwa. Eva alicheka na bendera yake.

Basi la jioni lilipita kwenye balkoni za kijani. Sikushuka.


Jumatatu, 4 Agosti

Nimempigia Lennart. Simu iliita mpaka ikachoka. Labda haoni namba. Labda ameambiwa na ile sauti ya simu ni nani anayepiga, akaiacha iite.

Wakesho anasema nilifanya jambo la lazima. Kwa Kiswidi limekaa vizuri, neno moja safi. Nikamuuliza kwa Kiswahili kama na yeye siku moja atanisemea hivyo mbele ya watu, nikianza kusahau sufuria motoni. Kisha akasema, "Nitakuja kwako kwanza, mama." Kwa Kiswahili alisema. Nilikaa na simu mkononi baada ya yeye kukata.


Jumapili, 24 Agosti

Ninalifikiria lile bakuli kuliko inavyostahili. Ni bakuli la plastiki, Righa alilinunua Hallunda tukiwa bado na soko la Jumamosi. Kifuniko chake hakivuji. Siwezi kwenda kulidai. Mtu haendi kudai bakuli kwa mtu aliyemvua kofia.

Göran ameniuliza kama nimewahi kufikiria kujifunza udereva. Nikamwambia nitafikiria. Zamani ningerukaruka.


Jumapili, 14 Septemba

Siku ya mwisho ya msimu. Majani ya miti ya birchi, njano tupu, kwenye reli, magurudumu yanateleza, ikabidi tumwage mchanga.

Alikuja.

Nilikuwa napanda kwenye injini nilipomwona jukwaani, kofia kichwani, fimbo nyeupe mkononi. Aliishika mbali na mwili kama anamshikia mtu mwingine. Amenunua tiketi kama abiria yeyote. Gunilla alimwendea, hakumshika mkono, alitembea kando yake tu mpaka behewa la kwanza. Akakaa kushoto, upande wangu, akashusha dirisha ingawa kulikuwa na baridi.

Sikwenda kumsalimia. Nilikuwa na moto. Nasema nilikuwa na moto, lakini ningeweza kwenda.

Kona ikaja. Bendera niliiona vizuri, kijani. Nikajaza kifua, "Grönt!" Göran akajibu, "Grönt!" Na baada yake, kutoka nyuma yetu, dirishani, sauti ya tatu. Nzito, ya chini.

"Grönt."

Sikugeuka. Göran alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu Julai. Nilitia makaa ambayo hayakuhitajika.

Hakushuka tulipofika. Alirudi nasi, akaenda nasi tena, safari zote mpaka ya mwisho. Kila kona, mimi, Göran, yeye. Misimu miwili tuliyonyamaza ameilipa yote leo. Mimi pia.

Jioni nilimkuta kituo cha basi. Alijua ni mimi, nadhani kwa mlio wa buti. Tulikaa kiti kimoja. Hakuongea, nami sikuongea, lakini hakikuwa kile kimya chetu cha zamani. Kile kilikuwa laini. Hiki kilikuwa na pembe, na sote wawili tulikuwa ndani yake.

Karibu na balkoni za kijani akafungua mkoba, akatoa bakuli langu la bluu.

"Nimeliosha," akasema.

Akashuka. Ngazi ya basi aliijua, hakuhitaji mkono wangu.

Nikafungua kifuniko kwenye treni. Limeoshwa mpaka linanukia sabuni. Tupu. Kwetu bakuli halirudi tupu, hata chumvi unatia, hata yai moja. Likirudi tupu umeambiwa usije tena. Kwao limerudi safi, basi. Nimeishi huku miaka arubaini na bado sijui yeye amesema lipi.


Jumamosi, 20 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Namba Tatu imemwagwa maji yote na kufunikwa mpaka mwakani. Masizi ya kuchani yameanza kufifia.

Mama Kezia aliuliza kama kesho nitakuwa ibadani, sasa treni zimekwisha. Nimemwambia nitachelewa kidogo, nina mahali napitia kwanza. Hakuuliza ni wapi.

Kesho naenda Jordbro kwa treni ya kawaida. Sijapiga simu. Mihogo inayeyuka kwenye sinki, maharage yameloweka. Dukani nimenunua na chupa ndogo ya achari ya matango. Bakuli liko mezani, kifuniko pembeni yake.